Jumanne za Etta

Huku kwetu kuna mtihani mmoja unaonitoa jasho kuliko siku niliyowekewa goti la bandia. Farasi mdogo wa miaka minne, ambaye tangu siku ya kwanza ya tandiko amefundishwa na mtu mmoja, anaingia uwanjani na kuonyesha alichojifunza. Akimaliza, waamuzi wanamwambia mpanda wake ashuke. Anapanda mtoto mwingine, ambaye hajawahi kumwona farasi huyo wala kuonwa naye, na anapewa dakika tano. Tunamwita mpanda mgeni, na kusema kweli mtihani wenyewe ni wa haki. Farasi hawa tunawazalisha kwa ajili ya watoto wanaoshindana, na watoto hukua. Leo ana miaka kumi na miwili, keshokutwa miguu inakaribia kuburuza chini, na farasi inabidi ampokee mwingine. Farasi anayemkubali mtu mmoja tu si farasi wa mashindano, ni mume.

Naitwa Tomma. Nimezalisha farasi wadogo miaka thelathini na moja, hapa hapa kando ya mfereji, kwenye upepo usio na adabu. Wapo wanaosema nina mdomo. Wengi wao walinunua farasi kwangu na bado wanarudi.

Farasi ninayetaka kumsimulia anaitwa Donnerstag, yaani Alhamisi kwa lugha yetu. Usicheke. Alizaliwa Alhamisi, na kwetu jina la mtoto wa farasi huanza na herufi ya jina la baba yake, na baba yake ni wa D. Mimi nilitaka Diamant, yaani almasi. Mjukuu wangu Hiske, wakati huo ana miaka tisa, akanitazama kwa huruma.

"Bibi, Diamant wako kila zizi. Ukiita Diamant kwenye maonyesho watageuka kumi na wanne."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi ni mmoja tu kwa wiki."

Hilo likapita.

Hiske ni mtoto wa binti yangu, ambaye ni muuguzi wa zamu mjini, kwa hiyo mtoto ameshinda kwangu tangu hajaanza kutambaa. Na kutambaa kwenyewe alichelewa. Alizaliwa nyonga ya kushoto imetoka mahali pake, akapasuliwa mara mbili, na mguu ule ukabaki mfupi kwa upana wa vidole viwili. Kiatu chake cha kushoto kina soli nene. Akitembea anachechemea kidogo, akiwa juu ya farasi anaegemea kulia. Si sana, lakini mimi nina macho, na kila mwenye farasi huku ana macho.

Aliyepaswa kumfundisha Donnerstag ni mimi. Lakini goti lilikuwa limekataa miaka mitano kabla, daktari naye akakataa, akasema mambo ya tandiko basi. Kwa hiyo mwezi wa kumi Hiske akaanza mwenyewe, yeye juu, mimi chini nimeshika kamba ndefu na kupiga kelele. Kila siku baada ya shule, kabla ya chai. Mvua ikinyesha walikwenda, upepo ukivuma walikwenda. Mtoto yule ana subira ambayo hakuichukua kwangu. Akimtaka farasi ageuke, anasubiri. Farasi asipoelewa, anauliza tena polepole, kama mtu anayemwuliza mgeni njia. Mimi ningekuwa nimeshatukana mara tatu.

Mwezi wa kwanza akaja mwalimu Eilts. Huyu hufundisha chama cha wapanda farasi cha wilaya, ana kofia moja ya kijani ambayo nadhani analala nayo, na anachosema watu huamini. Alimtazama Hiske akizunguka nusu saa, akanivuta nyuma ya marobota ya majani.

"Tomma, nikwambie ukweli au nikufurahishe?"

"Lini umewahi kunifurahisha, wewe?"

"Basi sikia. Samaki mkunje angali mbichi, sawa. Lakini huyu mtoto anamkunja vibaya. Farasi mchanga anayekaliwa upande mmoja kila siku, naye anapinda. Mwezi wa nane akipanda mpanda mgeni, utaona. Kushoto ataenda, kulia hataenda, atazunguka kama toroli lenye gurudumu bovu mbele ya kadamnasi. Mtafutie mtu mwenye makalio mawili yaliyo sawa."

Nikataka kumjibu, na ninayo majibu mengi, ila mlango wa banda la pembeni ukafunguka. Akatoka Hiske na ndoo ya maji. Alikuwa mle muda wote, na ukuta wenyewe ni wa mbao.

"Moin, mwalimu," akasalimu, akapita na ndoo yake, hakumwaga hata tone.

Jioni ile, mezani, hakugusa mkate. Akaniuliza, "Bibi, ninampinda?"

"Humpindi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Sikuwa na uhakika wowote. Ukisimama chini, mtoto aliyekaa upande humfanya hata farasi aliyenyooka aonekane amekaa upande, na ukweli huujui mpaka ukae juu mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata yangu mimi ilikuwa imevunjika gotini.

Kuanzia siku ile akawa ananiuliza kila siku. Akishuka tu, kabla hajafungua mkanda wa kofia, swali ni hilo, nami jibu ni hilo. Nilikuwa najua kinachomsumbua hasa. Si utepe wa ushindi uliomnyima usingizi. Alichoogopa ni kwamba mguu wake, ambao ameubeba bila kumlalamikia mtu, sasa umemharibu mwingine ambaye hakuwa na kosa. Na mtu wa kumtoa hofu hiyo ni mimi, na mimi mwenyewe niliogopa.

Ndipo nikafanya nililofanya.

Ng'ambo ya mfereji anakaa Etta. Ana miaka arobaini na kitu, urefu wa mtoto wa darasa la sita, na ujanani alipanda farasi wa mbio. Siku hizi yuko kiwanda cha mikate, anamaliza kazi asubuhi. Ana farasi jike mzee na hana malisho. Nikamwita kwa chai, nikamwekea sukari ya mawe na malai, nikasubiri amalize kikombe cha tatu, maana kabla ya cha tatu huku kwetu hakuna mtu anayezungumza la maana.

"Etta, jike wako aje kwenye malisho yangu, akae atakavyo."

"Unataka nini?"

"Kwa nini nitake kitu?"

"Tomma, nakujua. Hata salamu yako ina kamba."

Nikamweleza. Kila Jumanne saa nne asubuhi, Hiske akiwa shuleni, aje ampande Donnerstag. Ana makalio mawili sawa. Amnyooshe farasi kidogo kidogo, upande uliopinda aukunjue, mtoto asijue.

"Na Hiske asijue," akarudia.

"Asijue."

"Mh."

"Mh nini?"

"Mh tu," akasema, akaweka kijiko ndani ya kikombe kuonyesha kwamba chai imetosha.

Akaja Jumanne ile, akaja na iliyofuata. Jumanne kumi na tisa zilihesabika mpaka shule zilipofungwa. Sikwenda hata mara moja kumtazama. Nilimtandikia farasi, nikamkabidhi, nikarudi jikoni, nikafunga mlango na kuosha vyombo vilivyo safi. Mtu anayefanya jambo kisirisiri hapendi kuliona kwa macho yake. Saa tano na nusu Etta alimrudisha, farasi ametulia, yeye ametulia.

"Vipi?"

"Vizuri."

"Ananyooka?"

"Amenyooka, Tomma. Kwaheri."

Mimi nikawa napumua. Halafu saa kumi Hiske anarudi, anapanda, anashuka, ananiuliza lile swali lake, na mimi namjibu huku nikijua kwamba asubuhi nimemwita mtu mwingine afute kazi yake ya wiki nzima. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ana miaka kumi na mitatu na anavaa soli nene mguu wa kushoto.

Ikafika siku ya fainali ya mtihani ule, mwezi wa nane, Jumapili, jua la kweli. Etta alikuja nasi kwa sababu hakuna mwenye vidole vyepesi kama yeye katika kusuka singa za farasi, misuko midogo midogo ishirini imesimama shingoni kama vifundo. Hiske alitapika mara mbili nyuma ya trela. Mara ya pili nilimshika paji la uso.

"Bibi, akizunguka kama toroli?"

"Hatazunguka."

"Lakini akizunguka, watu watajua ni mimi."

Ningemwambia nini? Nilimfuta mdomo kwa leso yangu, nikamwambia afunge mkanda wa kofia.

Aliingia, akaonyesha. Walitembea, wakaenda mchakamchaka, wakaenda shoti ya taratibu kushoto na kulia. Donnerstag hana mchakamchaka wa kuwafanya watu waache kula. Anakwenda kama mtu mwenye shughuli zake. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Hiske tu, na kama kawaida aliegemea kulia, nikaona watu wawili kwenye uzio wakinong'onezana, nikazikariri nyuso zao.

Kisha kipaza sauti kikasema, "Mpanda ashuke, tafadhali. Mpanda mgeni."

Akaja msichana kutoka Westfalia, jina lake Leonore, miaka kumi na minne, amenyooka kama fagio, glavu nyeupe zisizo na doa. Sheria ni kwamba mwenye farasi hatakiwi kumweleza mgeni chochote. Anashika tu kikuku ili mwenzake apande, basi. Leonore akapanda, akatia miguu kwenye vikuku, akatazama chini kulia, akatazama chini kushoto.

"Hiki ni kifupi," akasema. "Matundu mawili ya mkanda."

Hakusema kwa ubaya. Lakini uwanja ulikuwa kimya, na uso wa Hiske ukawa mwekundu mpaka shingoni.

"Ni cha kwangu," Hiske akajibu. "Visawazishe."

Akamsaidia kukirefusha kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akatoka uwanjani akichechemea, akaja akasimama kati yangu na Etta, akashika ubao wa uzio.

Dakika ya kwanza sikutazama. Nilitazama vidole vya Hiske vilivyokuwa vyeupe kwenye ubao. Nikamsikia Etta akitafuna kitu, nikatamani kumpiga. Kisha nikasikia watu wamenyamaza ule ukimya wa kupendezwa, ambao mtu wa farasi anaujua, nikainua macho.

Donnerstag alikuwa anakwenda kulia, upande ule ule wa toroli la Eilts. Duara lake lilikuwa duara. Shingo imefuata njia, miguu ya nyuma imekanyaga pale pale ilipotoka ya mbele. Leonore akambadilisha, akamwelekeza kushoto, na kushoto kukawa ndugu yake kulia. Akamwomba shoti, akapewa shoti papo hapo. Akaachia hatamu zikawa ndefu kabisa, farasi akanyoosha shingo chini akaendelea na njia yake bila kuyumba. Leonore alikuwa anacheka. Mpanda mgeni hacheki, ana kazi ya kufanya, lakini huyu alikuwa anacheka waziwazi.

Alipofika mbele ya waamuzi wakampa kipaza sauti, maana huwa wanamwuliza ameonaje.

"Huyu anasikiliza," Leonore akasema. "Nilifikiria tu kulia, akawa ameshaenda kulia. Kushoto vivyo hivyo. Kwa kawaida farasi wa umri huu ana upande anaoupenda, na mimi natafuta upande huo nijue pa kuanzia. Kwa huyu nimetafuta, sikuuona."

Mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye mvi na sauti kavu, akasema, "Tisa na nusu kwa kumi. Leo hatujatoa nyingine kama hiyo. Farasi amenyooka pande zote mbili, na ana imani na anayempanda. Aliyemfundisha ni mtu mwenye subira. Hongera."

Kwa jumla tulikuwa wa nne, kwa sababu ya mchakamchaka. Hakuna aliyejali. Hiske alikaa chini kwenye nyasi pale pale, na suruali yake nyeupe, akafunika uso, akalia. Kisha akainuka, akanikumbatia kwa nguvu hivi kwamba kofia yake ilinigonga kidevu.

"Bibi, sikumpinda! Umesikia? Sikumpinda!"

"Nimesikia," nikasema.

Mwalimu Eilts akaja, kofia ya kijani mkononi. Kichwani ana upara, sikujua.

"Hiske," akasema, "mwezi wa kwanza nilisema upumbavu."

"Najua, mwalimu. Nilikuwa na ndoo."

"Basi nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini usiseme tena makalio ya watu."

Watu wakacheka, Eilts akacheka, nami nikacheka kwa mdomo. Moyoni nilikuwa na jiwe. Mtoto anapongezwa na wilaya nzima kwa kazi ambayo nilijua, mimi peke yangu na mtu mmoja mwingine, kwamba si yake. Tulikuwa tumemvisha nguo ya kuazima, na yeye anajiangalia kwenye kioo kwa furaha. Siku moja ingejulikana. Njia ya mwongo ni fupi, na kijiji chetu ni kifupi zaidi.

Nikamkuta Etta kwenye kibanda cha mikate ya samaki, ameshika mkate wake kwa mikono miwili, kitunguu kinaning'inia.

"Umemnyoosha vizuri," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nakushukuru. Na sasa sijui nitamtazama vipi yule mtoto."

Etta akaacha kutafuna.

"Tomma, naomba unisikilize na usinipigie kelele mbele ya watu."

"Jike wako kaumwa?"

"Jike wangu hajambo, amenenepa. Ndiyo shida yenyewe." Akaweka mkate chini. "Mimi sijamnyoosha yule farasi. Ile Jumanne ya kwanza nilipanda, nikaenda naye kulia, nikaenda naye kushoto, nikamtafuta upande uliopinda. Hakuna. Nikatafuta robo saa nzima. Tomma, nimepanda farasi wa watu matajiri waliofundishwa na mabingwa wa watu matajiri, sijapanda mwingine aliyenyooka kama yule. Sasa nilipaswa kunyoosha nini?"

Nikamshika mkono asije akanikimbia.

"Na hizo Jumanne nyingine?"

"Nilishuka pale daraja la mfereji, nikafungua lijamu, akala majani. Mimi nilikaa ukingoni. Mara nyingine nilisinzia, natoka kazini usiku kucha, nawe unajua. Saa tano na nusu nilimrudisha."

"Jumanne kumi na tisa!"

"Kumi na nane. Ile ya kwanza nilifanya kazi."

"Kwa nini hukuniambia, mwanamke wewe?"

"Nilikwambia! Kila wiki uliniuliza, ananyooka, nami nilikujibu, amenyooka. Ulisikia ulichotaka kusikia." Akashusha macho. "Na niliogopa utamfukuza jike wangu. Malisho yako ni mazuri, Tomma. Hapo nimekosa, nakiri."

Wewe fikiria. Nilisimama pale katikati ya harufu ya samaki na vitunguu, goti linaniuma, na nilihisi kama mtu aliyebeba gunia la mbolea miezi sita, kumbe angeweza kulitua siku ya kwanza. Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nahitaji maji. Kisha nikamshika Etta masikio yote mawili nikambusu kwenye paji la uso, jambo ambalo huku kwetu hatulifanyi hata harusini.

"Jike wako atakufa kwenye malisho yangu kwa uzee," nikamwambia. "Hakuna wa kumtoa."

Sasa hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Farasi amenyooka, mtoto ana furaha, kwa nini ulitibue? Nililiwaza hilo kuanzia kibanda cha samaki mpaka kwenye trela, hatua kama mia mbili. Lakini niliona kwamba furaha ya Hiske ina mtu mmoja asiyestahili kuwa ndani yake, nami ndiye huyo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya trela, anafumua misuko, Donnerstag amelaza kichwa begani mwake.

Nikamwambia yote. Nikaanza na Jumanne, nikamaliza na daraja la mfereji. Sikujipamba.

Hiske akashika msuko mwingine. Akaufumua, akaupangua kwa vidole.

"Kwa hiyo kila siku uliponiambia hajapinda, hukujua."

"Sikujua."

"Ulikuwa unanidanganya."

"Nilikuwa nakudanganya kila siku, na kumbe kila siku nilikuwa nasema kweli. Sina sifa yoyote katika hilo."

"Eilts alinisema nyuma ya majani," akasema, na sauti ikaanza kumpanda. "Wewe ulinisema na Etta. Tofauti yake ni nini? Angalau Eilts hanipikii!"

Alilia tena, safari hii kwa hasira, na mimi nikasimama nikapokea. Nilistahili. Donnerstag alitutazama mmoja mmoja, kisha akajaribu kula utepe wetu wa nafasi ya nne, Hiske akaunyang'anya kinywani mwake, na kwa ghafla ile akajikuta anacheka ilhali bado analia.

"Kumi na nane?" akauliza. "Kala majani Jumanne kumi na nane? Ndiyo maana Jumatano mkanda wa tandiko ulikuwa haufungi! Mimi nilidhani amevimba tumbo, nikampa dawa!"

"Dawa gani?"

"Uliyomnunulia ng'ombe wa jirani."

Tukamtazama farasi. Alionekana mzima kabisa.

Nilidhani yamekwisha, tukarudi nyumbani. Asubuhi yake, sijamaliza kikombe cha kwanza, Hiske akasimama mlangoni mwa jiko. Mkononi ana kofia yangu ya zamani ya kupandia, imejaa vumbi la miaka sita.

"Vaa," akasema.

"Mtoto, nina goti la chuma."

"Una kilo hamsini na mbili na goti la chuma. Nimempigia mama, amesema dakika kumi kwa mwendo wa kutembea haziwezi kukuua. Wewe hukuniamini mimi, ukamwamini Etta, jana ukamwamini yule wa Westfalia. Sasa kaa juu ujionee mwenyewe."

Kumbe mdomo ameuchukua kwangu, ambacho hakukichukua kwangu ni subira peke yake.

Nikatoka. Alikuwa ameshamtandika, vikuku amevisawazisha kwa ajili yangu. Nilipanda kwenye kigogo, nikalitukana goti kwa maneno ambayo sitayaandika, nikakaa. Miaka sita. Harufu ya ngozi na jasho la farasi ikanipanda puani, na nikawa nimelia kabla hata hatujaondoka. Hiske akasimama katikati ya uwanja, mahali pangu, mikono kiunoni.

"Tembea naye kulia. Usimvute. Muulize halafu usubiri."

"Unanifundisha mimi?"

"Ndiyo. Subiri, nimesema."

Nikasubiri. Nilifikiria kulia, na mgongo ule mdogo uliokuwa chini yangu ukageuka kulia, pole na sawasawa, kama maji yanayofuata mfereji. Nikafikiria kushoto, akaja kushoto. Nimekalia farasi mamia katika maisha yangu, wangu na wa watu, na kila mmoja alikuwa na kona moja ya kunificha kitu. Huyu hakunificha kitu. Nikajua, kwa mifupa yangu na kwa chuma cha daktari, siku mia tatu za mjukuu wangu chini ya mvua zilivyokuwa.

"Bibi, unaegemea kushoto!" akapaza sauti. "Unalikimbia goti lako."

"Najua!"

"Yeye hajali. Endelea."

Nikaendelea. Machozi yalikuwa yananidondoka mpaka kwenye tandiko na sikuyafuta. Dakika kumi zikaisha, akainua mkono.

"Shuka sasa, Bibi."

"Mzunguko mmoja tu."

"Hapana. Jana alifanya kazi sana, leo anapumzika. Mimi ndiye ninayemjua."

Nikashuka.